Jumamosi Zisizo na Sifuri

Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu, na hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa amelifungua jedwali langu kwenye kompyuta mbele ya wajumbe wengine wa jopo, akalishusha polepole kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akavua miwani.

"Sifuri ziko wapi?"

Nilimwomba arudie. Akasema kwamba mtu akihesabu ndege katika mwalo mmoja wa wavuvi kila Jumamosi kwa misimu mitatu, lazima ipatikane Jumamosi ambayo ndege hawakuja. Yeye alikuwa anaona Jumamosi zenye ndege, na alikuwa anaona Jumamosi ambazo hazimo kabisa kwenye jedwali. Lakini hakuona hata moja iliyoandikwa kwamba mhesabuji alifika, akaangalia, akakuta hakuna.

"Hizi zilizokosekana," akasema, "hakwenda, au alikwenda na ndege hawakuwepo?"

Nilijibu kwamba nitafuatilia. Nilipotoka nje nilisahau kufunga kifuniko cha chupa ya maji, nikaitembeza ikiwa wazi hadi kituoni.

Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu yote. Nilikuwa nimeandika, katika kurasa nyingi na kwa michoro niliyoipenda kupita kiasi, kwamba vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni wanaotoka kaskazini ya mbali na kufika kwetu kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa, wanaendelea kuutumia mwalo mmoja wa Muleba kama walivyoutumia zamani, ingawa maji ya ziwa yamepanda. Kama Jumamosi zilizokosekana ni siku ambazo mhesabuji hakwenda, basi hoja yangu ilikuwa na matundu tu, na matundu huzibika. Kama ni siku ambazo alikwenda na asione kitu, basi ndege walikuwa wakituhama huku mimi nikiandika kwamba wapo.

Nilirudi Bukoba nikafikia kwa shangazi yangu, Miembeni, katika chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa duka la jirani. Shangazi ni mjane. Anashona madira na kanzu katika kibaraza cha uani, na mlio wa cherehani yake ndio saa ya nyumba ile. Asubuhi ya kwanza aliniuliza bila kuinua macho:

"Masomo yanaendaje, mwanangu?"

"Vizuri tu, shangazi. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na pindo.

Nikaingia chumbani nikazitandaza fomu kitandani. Zilikuwa picha ambazo mhesabuji wangu alinitumia kwa simu kila alipojaza, nami nikazichapisha moja moja, kwa sababu siamini kitu nisichoweza kukishika. Nilizipanga kwa misimu. Kisha nikakata vipande vya karatasi tupu, nikaviweka mahali pa kila Jumamosi iliyokosekana. Katika msimu wa kwanza vipande vilikuwa vichache, vimetawanyika. Katika wa pili viliongezeka. Katika wa tatu vilikaa pamoja, vikifuatana, kama meno yaliyong'oka upande mmoja.

Nilikaa na vipande vile siku nne. Nilitengeneza dhana ya ugonjwa, dhana ya mvua, dhana ya simu iliyoharibika, dhana ya misiba, na kila dhana niliiandikia ushahidi ambao ungeiunga mkono na ushahidi ambao ungeivunja. Dhana iliyonitia moyo kuliko zote ilikuwa ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haziwavuti dagaa mbalamwezi ikiwa juu. Kwa hiyo kila mwezi kuna wiki za giza ambazo mwalo hujaa watu, na wiki za mwangaza ambazo wavuvi hupumzika na wanikaji hurudi mashambani. Mhesabuji wangu ni mwanikaji wa dagaa. Ikiwa tarehe zilizokosekana zingeangukia wiki za mwangaza, basi hakuwa mwaloni, na tasnifu ilikuwa salama. Nilitafuta kalenda ya mwezi nikaanza kuoanisha. Baadhi ziliangukia huko. Baadhi hazikuangukia. Nilizihesabu upya mara kadhaa, nikijua kwamba nazihesabu upya kwa sababu sikulipenda jibu.

Siku ya tano nilikwenda Muleba kumwuliza mwenyewe.

Naona haya kukiri kwamba kumwuliza lilikuwa wazo la mwisho. Yule ni mama wa makamo ambaye shamba lake liko upande wa Kimwani, na nilimpata kwa namna isiyo ya kitaalamu hata kidogo. Nilipofika mwaloni mara ya kwanza niliwauliza watu kama huwa wanawaona ndege wadogo wanaokimbia kwenye mchanga. Wengi walisema ndege ni ndege. Yeye akasema wako wa aina mbili: wale wanaokimbia mfululizo, na wale wanaosimama wakanesa matako.

"Mkia," nikamsahihisha.

"Mkia umeota wapi, mwanangu?" akauliza, na wanawake wote wakaangua kicheko juu ya reki zao.

Nikampa darubini, fomu na kalamu, nikamweleza kwamba kazi hii haina ujira. Alisema hilo si neno. Mwaloni ndege wale waliitwa wageni, na wageni wakija, alisema, si vizuri wakute hakuna mtu.

Safari hii nilikuta maji yamepanda tena. Ile ncha ya mchanga niliyoichora kwa uangalifu katika sura ya pili ilikuwa imebaki ukanda mwembamba, kama mgongo wa mtumbwi uliopinduka. Wanikaji walikuwa wamesogea juu, wakianika juu ya vichanja na nyavu kuukuu. Wachuuzi wa samaki waliokuwa wakipakua magunia kutoka visiwani waliniona kabla sijamwona niliyemfuata.

"Mkaguzi wa ndege huyo!" mmoja akapaza sauti. "Dada, watumishi wako hawaripoti kazini. Wape barua ya onyo!"

"Wamekosa nauli," mwingine akamjibu. "Kutoka Ulaya mpaka Muleba ni mchezo?"

Nilicheka, kama nilivyocheka miaka yote. Nilikuwa nimekwisha kuwapita hatua kadhaa nilipogundua kwamba utani huo nilikuwa nimeusikia msimu uliopita, na pengine uliotangulia. Watu wale hawakuwa wenyeji wangu. Hawakuwa na sababu ya kunificha kitu. Walikuwa wameniambia hadharani kile nilichokuwa nakitafuta katika kalenda ya mwezi, nami nikakipokea kama mzaha na kukiacha palepale.

Mama alikuwa akigeuza dagaa. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akaniamkia kwa Kihaya kirefu chenye kuulizia ukoo mzima, akanikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa. Kabla ya lolote alifungua fundo la kanga yake akatoa akamwani: buni zetu za kutafuna, zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikafungwa katika ganda la mgomba. Kwetu mgeni hazungumzi na mdomo mtupu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikatafuna, nikangoja uchungu upite.

Nilijua pia buni zile zilikuwa na kazi nyingine. Mwaka wa kwanza alinionyesha: anatembea kutoka mahali mitumbwi inapofungwa hadi kwenye matete, na kila akiona ndege watano anahamisha buni moja kutoka fundo la kulia kwenda fundo la kushoto, ili macho yasitoke kwenye mchanga. Mwisho anahesabu fundo la kushoto. Niliisifu njia ile katika sura ya tatu. Niliipa aya nzima.

Nikatoa orodha ya tarehe.

"Mama, nina shida kidogo na siku hizi. Huenda ulikuwa na udhuru. Sikulaumu hata kidogo."

"Nisomee."

Nikamsomea. Alisikiliza huku akitazama maji. Nilipomaliza alisema, "Nilikuja."

"Zipi?"

"Nilikuja, mwanangu. Ulisema kila Jumamosi."

"Hata wakati wa mwezi? Hata dagaa wasipokuwepo?"

"Dagaa ni wa wavuvi, wageni ni wa kwako. Nilikuja."

Kutoka shambani kwake anatembea. Sikuwahi kumwuliza ni mwendo gani. Katika dhana zangu zote sikuandika dhana hii, kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani alfajiri, kwa miguu, katika wiki ambayo hana hata dagaa mmoja wa kuanika, kwa sababu tu alimkubalia msichana mwenye darubini.

"Na ndege?" nikauliza.

Aliinuka akageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa.

"Mama. Ndege walikuwepo?"

"Wangekuja. Nilikuwa nakaa mpaka jua la kichwani. Zile buni nilizitafuna zote nikiwangoja, nikarudi nyumbani moyo unanienda mbio."

"Sasa mbona hukuandika?"

Akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba swali langu lilimshangaza kwelikweli.

"Niandike nini? Wewe umetoka huko mbali, umeacha kwenu, unangoja kwenye simu. Nikutumie karatasi nikwambie hakuna? Mtu akibisha hodi kwako unamwambia hakuna?"

"Lakini karatasi ya sifuri ingenisaidia, mama. Ingenisaidia kuliko hizi zote."

"Mawe!" akasema, kwa ile sauti ambayo Wahaya tunamshangaa nayo mtu aliyetaka kitu kisichotakiwa. "Wasomi!"

Nililijua jibu lake kabla hajalisema, nililelewa nalo. Kwetu ugeni hupokelewa kwa 'karibu' na 'ngoja kidogo', na mwenyeji asiye na chakula huwasha moto hata hivyo, ili mgeni aone moshi. Nilikuwa nimeitengeneza fomu kwa kufuata mwongozo wa watu ambao, nadhani, wakiulizwa kama kuna mkate husema hakuna na mambo yakaisha. Fomu iliuliza: umeona wangapi? Haikuuliza mahali popote kama alikuwa amefika. Mtafiti kutoka mbali angesamehewa kosa hilo. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba.

Akaketi tena, akashusha sauti, kana kwamba sasa tumeshaharibu, acha tuharibu vizuri.

"Na kuna siku moja walikuja Jumapili."

"Jumapili?"

"Nilipita natoka kanisani, nikawakuta. Wengi! Nikawaandika Jumamosi. Ni walewale, walichelewa tu."

Nilifunga macho. Nilipoyafumbua alikuwa akinitazama kwa wasiwasi, nikatabasamu haraka.

"Mara moja tu, mama?"

Alifikiri kwa uaminifu mkubwa.

"Au mbili."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Sio kila Jumamosi iliyokosekana ilikuwa siku ya kungoja bure. Kuna majuma alikuwa Rubya, hospitalini, akimuuguza dada yake. Hapo kweli hakufika. Nikashika kalamu. Majuma yapi? Hakumbuki tarehe. Ilikuwa wakati wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, kwa sababu dada yake alitamani senene na akakatazwa kuwala. Msimu wa pili au wa tatu? Aliangalia vidole. Dada alipona, akaugua tena mwaka uliofuata, na mara zote mbili zilikuwa wakati wa senene.

Kwa hiyo vipande vyangu vya karatasi tupu vilikuwa vya namna mbili, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuvitenganisha. Ningeweza kukisia. Ningeweza kuzigeuza zote kuwa sifuri, ukiondoa chache za majira ya senene, na mchoro ungependeza, ungeshuka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia, na pengine ungekuwa wa kweli. Nilikaa na kishawishi hicho njia nzima ya kurudi Bukoba, nikakijengea hoja nzuri. Lakini ningekuwa nimefanya alichofanya yeye, bila kuwa na udhuru wake wa adabu. Yeye aliwahamisha ndege wa Jumapili ili nisihuzunike. Mimi ningeihamisha kumbukumbu yake ili nihitimu.

Nilimpigia msimamizi siku iliyofuata, nimesimama uani karibu na kamba ya nguo. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Akasema, "Basi hatuna jedwali." Baadaye kidogo akaongeza, kwa upole, "Anza upya msimu ujao. Rekebisha fomu." Nikamshukuru. Mwaka mmoja zaidi uliingia maishani mwangu kwa sentensi mbili, nikiwa nimeshika kibanio cha nguo.

Nilipogeuka, cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Shangazi," nikasema, "masomo hayaendi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Tangu uje unafua nguo safi." Akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nangoja useme. Lete hicho kiti."

Nikaketi karibu naye. Nilichoka kwa namna ambayo sikuwa nimejiruhusu kuchoka, hadi kwenye fizi. Hakunipa mawaidha. Alinipa kanzu ya mteja nitoe nyuzi za kushikizia, nikazitoa mpaka adhana ya alasiri.

Fomu mpya ilichukua jioni chache, ingawa mabadiliko yalikuwa kisanduku kimoja. Juu kabisa, kabla ya swali lolote kuhusu ndege, niliweka neno moja, 'Nilifika', na mahali pa kutia alama ya vema. Nilibishana na nafsi yangu kama liwe 'Nilifika' au 'Nimefika', nikaamua kwamba kwa uchovu ule lolote lingetosha. Nilimpelekea mama, nikamweleza kwamba kisanduku hicho ndicho ninachokingoja kwenye simu. Mengine ni ziada. Alilitazama neno lile, akalisoma kwa sauti, akaonekana kuridhika. Mtu kusema amefika si utovu wa adabu.

Mwezi wa tisa ulipoanza, picha zikaanza kuja. Jumamosi ya kwanza: vema kwenye kisanduku, na mahali pa idadi, kwa mwandiko wake wa kulala, 'bado'. Jumamosi ya pili: vema, 'bado'. Ya tatu vivyo hivyo. Kila mara niliandika sifuri kwenye jedwali, na kwenye safu ya maelezo nikanakili neno lake kama lilivyo, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Jumamosi ya nne nilikwenda mwenyewe. Nililala Muleba mjini, nikafika mwaloni kumekucha. Alikuwa amekwisha kuanika. Tulitembea pamoja kutoka mitumbwini hadi kwenye matete, yeye na mafundo yake mawili, mimi na darubini yangu, tukikanyaga kule ambako zamani palikuwa na mchanga na sasa maji yanafika kifundoni. Tulirudi. Tukatembea tena. Kulikuwa na kunguru juu ya vichanja, na yangeyange mmoja aliyesimama kwenye mtumbwi kama mwenye mali. Fundo la kulia lilibaki lilivyo.

Tukaketi. Akafungua fundo, akanigawia buni, akajigawia, tukatafuna. Wachuuzi walipita na magunia. Mmoja alitufungulia mdomo, akatuona tulivyokaa, akaufunga. Jua likapanda hadi kichwani. Kwenye upande wa visiwa mawingu yalikuwa yanakusanyika, meusi kwa chini.

Alichukua fomu akatia vema kwenye kisanduku. Kisha kalamu ikasimama juu ya mahali pa idadi, ikakaa hapo, akanipa.

"Andika wewe," akasema. "Leo hakuna."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia maji, si mimi.

"Hukunificha, mama."

"Nikufiche nini? Umelowa miguu, umekula buni zangu, mgeni ni nani hapa?" Akashika magoti akainuka. "Wameshatuchosha hao. Wakija tutawasema."

Nikaandika sifuri. Niliiandika duara moja, polepole. Nilitaka kukaa nayo kidogo, nifikiri ni kitu gani hasa kimeandikwa pale, lakini upepo uligeuka na tone la kwanza likaangukia karatasi. Mama alikuwa ameshafika kwenye kichanja cha mbali.

"Waitu, mwanangu, utaitazama mpaka iote?" akaita. "Dagaa wanalowa!"

Nikaikunja fomu nikaitia kifuani, nikakimbia kumsaidia kuanua.